Alizeti ya Kornelia Hailiwi

Kabla ya mambo ya alizeti, watu wa mtaa wa Nakwa, Babati, walimjua Kornelia kama fundi cherehani asiyependa kurudia neno. Mteja akileta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu, alimwambia mara moja tu kwamba haiwezekani, kisha akainama na kuendelea kukanyaga cherehani. Hakuwa mkali. Alikulia Singida, kwenye nyumba yenye watoto wengi na sufuria moja, na huko aliyesubiri kuambiwa mara ya pili alikuta ukoko. Sasa fikiria mateso ya mtu wa namna hiyo, anapofika umri wa kuwa bibi na kujikuta akieleza jambo lile lile kwa watu wale wale, asubuhi na jioni, msimu hadi msimu.

Jambo lenyewe lilianzia kwa mjukuu wake, Goodness.

Binti yake Kornelia, Martha, alifanya kazi hotelini Arusha, na mtoto akalelewa Babati na babu na bibi. Alikuwa mtoto wa kuchezea udongo. Alisonga ugali wa mavumbi kwenye kifuniko cha kopo, akawalisha wanasesere wake wa magunzi, na mwenyewe akaonja ili ajue kama umeiva. Alipokaribia miaka minne alianza kulia tumbo. Akapewa dawa ya minyoo. Midomo ikapauka, akapewa dawa ya kuongeza damu. Kisha maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumponyoka, na akawa mtu wa kukaa tu kizingitini akitazama kuku. Ndipo daktari mmoja alipotaka damu yake ipelekwe kupimwa mbali, na majibu yaliporudi akawaita babu na bibi.

"Damu ya mtoto ina risasi," alisema.

Remigius, mume wa Kornelia, aliruka kwenye kiti. "Risasi? Nani amempiga?"

"Hajapigwa, mzee. Risasi ya madini, ile inayokuwa ndani ya betri za magari. Nyumbani kwenu kuna betri?"

Kornelia alimgeukia mumewe. Mumewe alikuwa ameshageukia ukutani, anasoma tangazo la chanjo kwa makini kama mtu atakayeulizwa maswali.

Maana betri zilikuwepo. Remigius alikuja Babati akiwa kijana kutoka Rombo, akawa fundi betri karibu na stendi, na kwa miaka mingi betri zilizokufa alizibeba hadi nyumbani. Alizipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, maji yake makali akayamwaga hapo hapo, risasi akaiyeyusha kwenye karai kuukuu na kuimimina kwenye vishimo vya mchanga. Wavuvi wa ziwani waliigombania kwa ajili ya kuzamishia nyavu. Kazi ile ndiyo iliyoezeka nyumba na kumsomesha Martha. Aliiacha mgongo ulipoanza kumsumbua. Karai liliuzwa, majani yakaota, na Goodness akapata uwanja mzuri wa kupikia.

"Dawa zipo," daktari aliwaambia, "lakini ya kwanza ni kumtoa mtoto mahali risasi ilipo."

Martha alikuja na basi la asubuhi, akamkuta mama yake ameshafunga nguo za mtoto kwenye begi. Hawakugombana. Alisema tu, "Mama, Goodness harudi pale mpaka udongo upone," akambeba mwanawe na kuondoka.

Siku chache baadaye akaja mtaalamu wa udongo, binti aitwaye Sabrina, kutoka chuo kimoja cha kilimo. Alichota udongo kila pembe ya kiwanja, akautia kwenye vifuko na kuviandika. Aliporudi na majibu, aliketi na Kornelia kibarazani.

"Mama, zipo njia," alisema. "Ya kwanza ni kuchimba udongo wote na kuupeleka mbali, ila hayo ni malori na malori, na huko utakapomwagwa kuna watu pia. Ya pili ni kufunika kwa zege. Ya tatu ni mimea. Alizeti ina mizizi inayonyonya risasi kidogo kidogo na kuipandisha kwenye shina na majani. Ikikomaa unaing'oa yote na mizizi yake, unaiondoa. Mvua zikirudi unapanda tena."

"Na mbegu zake?"

"Haziliwi. Wala kuku hawapewi, wala mbuzi. Haikamuliwi mafuta, na mashina si kuni. Ukiyachoma, risasi inarudi ilikotoka, na nyingine mnaivuta puani. Na nisikudanganye, mama, ni kazi ya polepole sana."

Kwa mwanamke wa Singida, mkoa wa mafuta ya alizeti, kuambiwa alizeti haikamuliwi ni kama kuambiwa ng'ombe hakamuliwi. Lakini Kornelia aliambiwa mara moja, akaelewa mara moja. Kosa lake lilikuwa kudhani watu wote wako hivyo.

Wa kwanza alikuwa Remigius. "Sisi tumekula mchicha wa hapa miaka yote," alisema huku akimtazama mkewe akichimba vishimo. "Tumekufa?"

"Baba Martha, mjukuu wako yuko Arusha."

"Nauliza tu. Tumekufa?"

Wa pili alikuwa Mzee Dominiko, jirani wa upande wa chini, mwenye mbuzi wanaoongozwa na beberu jeusi lisilojua mpaka. Alizeti ilipofika kiunoni, beberu liliingia na kundi lake. Kornelia aliwatoa kwa fagio hadi mlangoni kwa mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Martha. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, mbuzi wako wamekula alizeti yangu, na nilikuambia ina sumu. Maziwa yao usinywe kwanza."

Mzee Dominiko aliwatazama mbuzi wake mmoja mmoja. "Mbona wamenenepa?"

Kornelia akaweka uzio wa miiba. Beberu likapita chini. Akaweka wavu. Kisha vichwa vilipochanua, vikubwa kama sinia, wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha, na wakishapiga picha wanakata kimoja wakitafune njiani. Akaandika kwenye ubao HAILIWI, akaugongomea getini. Kijana mmoja alisimama chini ya ubao ule ule, mbegu mdomoni, akamuuliza, "Mama, ni nini hakiliwi?"

Mtaani wakaanza kusema kuwa fundi amekuwa mchoyo. Wengine wakasema amelizindika shamba. Hadija, Mama Tunu, mwenye duka la vyakula la ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemletea maneno hayo, kwa sababu Hadija hakuwahi kumficha rafiki yake habari mbaya.

"Wanasema unapanda usichovuna, basi kuna unachovuna usiku," alisema akimmiminia chai.

"Mama Tunu, wewe unaamini?"

"Mimi naamini umechoka. Kunywa chai."

Mavuno nayo yakawa balaa lingine. Chuo kilikuwa kimeahidi kutuma gari kuja kuchukua mimea iliyokauka ili ikahifadhiwe panapostahili. Gari liliharibika. Likatengenezwa, dereva akapata msiba. Dereva akarudi, gari likapelekwa kwingine. Kila Kornelia alipopiga simu, Sabrina aliomba radhi kwa sauti ya mtu anayeona aibu kweli, na kumkasirikia mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu. Viroba vilijaa stoo ya bati, vikafika hadi kwenye mlango, na Remigius akawa anaweka jembe na ngazi yake sebuleni huku akinung'unika kwamba amefukuzwa na majani.

Gari lilikuja hatimaye, likabeba. Msimu wa pili Kornelia akapanda upya, na mambo yakaanza upya: beberu, wapita njia, ubao. Alizeti ya mwaka huo ilistawi kuliko ya kwanza. Hata yeye mwenyewe alijikuta asubuhi nyingine amesimama na kikombe mkononi akiitazama ilivyogeukia Mlima Kwaraa jua likichomoza, kisha akakumbuka imebeba nini ndani, akaingia ndani na kufunga dirisha.

Ndipo ikafika Jumapili ya mavuno.

Siku hiyo kila jumuiya hupeleka kanisani ilichojaliwa: mahindi, mbaazi, ndizi, kuku, na baada ya misa vinanadiwa uwanjani. Kornelia alikuwa mwanakwaya, hivyo aliondoka nyumbani mapema. Alikuwa katikati ya wimbo wa matoleo, sauti ya pili, alipoona mstari wa wanaume unapanda kuelekea altareni, na katika mstari huo Remigius, amevaa koti lake la harusi, begani kiroba cha mbegu kilichofungwa kwa utepe mwekundu uliotoka kwenye kikapu chake yeye mwenyewe cha kushonea. Juu ya kiroba kilichomekwa kichwa kimoja kikavu cha alizeti, kikubwa, kama taji.

Sauti ya pili ikakosa mtu.

Alijaribu kumfikia misa ilipoisha, lakini watu walikuwa wengi na wote walitaka kumpongeza. "Mama Martha, mume wako leo ametutoa kimasomaso!" Alipofika uwanjani, Katekista Xavery alikuwa ameshapanda juu ya benchi, kiroba miguuni pake, anaita bei, na bei ilikuwa inapanda. Aliyeongoza alikuwa Mzee Dominiko.

"Nachukua mimi!" alisema mzee. "Nusu nakamua, nusu mbuzi."

"Mara ya kwanza," Katekista Xavery aliita, "mara ya pili..."

"Haiuzwi!" Kornelia alisema.

Uwanja ukageuka. Alikuwa bado amevaa joho la kwaya, jasho linamtiririka.

"Mama, hii ni sadaka," katekista alisema kwa upole. "Imeshatolewa kwa Mungu."

"Mungu anajua ilipoota. Ninyi hamjui. Ina sumu. Ina risasi, ile iliyomwondoa mjukuu wangu hapa. Nimesema mtaani, nimeandika ubao, nimesema hadi koo limekauka. Naomba kiroba changu."

Ukimya uliofuata ulikuwa wa watu wanaohesabu walichokwisha kula. Kijana mmoja upande wa nyuma alitema kitu kimya kimya. Katekista Xavery alishuka kwenye benchi na kusogea mbali na kiroba, na Remigius, na koti lake la harusi, alitembea katikati ya watu wote hadi barabarani bila kugeuka.

Kornelia alikibeba mwenyewe kichwani hadi nyumbani. Alimkuta mumewe ameketi kwenye ngazi, pale sebuleni.

"Umenidhalilisha mbele ya kanisa zima," Remigius alisema.

"Na wewe ulitaka kulisha kanisa zima sumu! Baba Martha, una masikio ya nini? Nilikuambia. Sabrina alikuambia. Daktari alikuambia!"

"Ni alizeti, Kornelia." Hakuwa amemwita kwa jina miaka mingi. "Nimeiangalia tangu inaota. Kitu kizuri namna ile, kimetoka kwenye kiwanja changu. Nilitaka mara moja watu waone..."

Hakumaliza. Kornelia alikuwa na maneno mengi yaliyopangana kooni, ya moto, ya tangu siku ile ya tangazo la chanjo. Alimtazama mumewe ameinama juu ya ngazi, kipande cha utepe mwekundu kilichobaki bado kimemning'inia mfukoni, na maneno yote yakakataa kutoka. Hilo nalo lilimuudhi. Akaenda kuvua joho.

Basi, kuanzia Jumapili ile Nakwa yote iliamini. Wasioambilika waliamini kupita kiasi. Mbuzi wa Mzee Dominiko walifungwa kamba, na mzee akawa anapita upande wa pili wa barabara, kitambaa puani. Hakuna aliyekata tena kichwa cha alizeti. Lakini wateja wa nguo nao wakakatika. Mwanamke mmoja alirudisha sare za shule alizokuwa ameshazichukua, amezishika kwa ncha za vidole, akauliza kama risasi inaambukiza kwa uzi.

"Miaka miwili nasema kuna sumu, wananicheka," Kornelia alimwambia Hadija. "Sasa nasema nguo hazina sumu, wananikimbia. Niseme nini ndipo nisikike?"

"Usiseme kitu," Hadija alimjibu. "Lete cherehani hapa barazani kwangu. Wakikuona karibu na unga wangu na mimi sijafa, watarudi."

Walirudi, mmoja mmoja, wengi wakijifanya hawakuwa wameondoka.

Mvua zilipokaribia, Sabrina alikuja na majibu ya udongo. Kornelia alikuwa amempikia wali, kuku amenunuliwa kijijini Singe, mchicha umetoka sokoni. Sabrina hakugusa chakula kabla ya kusema.

"Imepungua, mama. Lakini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kule pembeni, ambako haikuwa nyingi, naona matumaini. Ila pale kwenyewe alipokuwa anayeyushia baba, kwa mwendo huu wa alizeti... mimi na wewe hatutaona mwisho wake."

Kornelia aliweka upawa chini. Alifikiria mbuzi, ubao, viroba, kwaya, sare zilizoshikwa kwa ncha za vidole. "Binti yangu," alisema taratibu, "nimegombana na mtaa mzima kwa ajili ya kidogo?"

"Nilikuambia ni polepole."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameambiwa, mara moja, waziwazi, na yeye ndiye ambaye hakusikia. Kisha akauliza lipi lifanyike, na wakapanga: mahali pa kuyeyushia pafunikwe kwa zege nene, mtu asipachimbe tena, sehemu nyingine ziendelee na alizeti, na njia ya kutoka getini hadi mlangoni isakafiwe, ili mavumbi yasiingie ndani na miguu.

Remigius alisikiliza yote hayo akiwa mlangoni. Kesho yake alipanda baiskeli akaondoka, na alipochelewa Kornelia akapata habari kwa Hadija kwamba ameonekana akielekea Mutuka. Akakodi bodaboda akamfuata, kwa kuwa Mutuka alikuwepo Nickson, kijana aliyefundishwa kazi ya betri na Remigius mwenyewe, na mke alihofia mumewe ameenda kutafuta karai ili arudie kuyeyusha.

Alimkuta amesimama nyuma ya nyumba ya Nickson, mbele ya lundo la betri zilizopasuliwa. Mtoto wa Nickson alikuwa anatambaa kwenye mkeka hatua chache kutoka kwenye moto.

"Shikamoo mama," Nickson alisema. "Fundi hapa ananiambia niache kazi. Ananiambia kuna sumu. Ni kweli?"

"Mimi sijasema sumu," Remigius alidakia. "Nimesema wataalamu wanasema. Mama Martha ndiye anayejua hayo mambo."

Kornelia alitamani kumpiga kwa kofia ya bodaboda aliyokuwa bado ameishika. Hata hapa! Hata mbele ya mtoto anayetambaa! Alifungua mdomo, lakini Remigius alikuwa ameshainama, amemwinua yule mtoto mkekani, anamfuta viganja kwa shati lake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao mkewe hakuwahi kuuona akiutumia kwa kitu chochote isipokuwa betri. Akamkabidhi kwa mama yake aliyekuwa ametoka jikoni.

"Mpeleke akapimwe damu," alimwambia. "Kesho. Usingoje alie tumbo."

Kisha akamgeukia Nickson. "Zima huo moto."

Nickson alisitasita, akamtazama mwalimu wake, akamwaga ndoo ya maji. Walirudi Nakwa kila mmoja kwa usafiri wake. Damu ya mtoto wa Nickson ilikutwa nayo imechafuka, lakini si kama ya Goodness, aliwahiwa. Nickson akahamia kutengeneza pikipiki, ingawa alilalamika kwa kila aliyemsikiliza.

Martha alimleta Goodness Pasaka iliyofuata. Walilala kwa Hadija. Mtoto alikuwa amerefuka, anaongea sana, ingawa maneno mengine yalichelewa kumjia na Martha alisema mwalimu wake anamfuatilia. Aliruhusiwa kuvuka barabara akiwa na viatu, akapita kwenye njia ya saruji akishikwa mkono, akanywa uji kibarazani na kurudi. Hakuruhusiwa kushuka. Kornelia alikuwa ameota siku ile kwa muda mrefu, na haikuwa kama alivyoiota, na alimwambia Martha hivyo.

"Ni zaidi ya mwaka jana, mama," Martha alijibu.

Walipoondoka, Kornelia alirudi nyumbani amekasirika, hajui amemkasirikia nani, akamkuta Remigius nyuma ya nyumba anang'oa magugu kwenye mistari ya alizeti aliyoipanda mwenyewe mvua zilipoanza. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe.

"Umeipanda imebanana," Kornelia alisema. "Haitanenepa mashina. Nilikuonyesha nafasi."

"Basi ungepanda wewe."

"Na huo mche umeukata na jembe."

"Nimeuona."

"Na uvae viatu, Baba Martha!"

Remigius alisimama, akaitazama miguu yake, akaenda kuvitafuta. Kornelia akachukua jembe aliloliacha, akaanza kupunguza miche.